Mchwa hawafuti mkataba: Nani aondoe ibara zilizopitwa na wakati?

Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.), Mola wa walimwengu wote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahali zake, Masahaba zake na kila aliyewafuata kwa wema mpaka Siku ya Malipo. Ama baada ya hayo.

Ndugu Waislamu, katika darasa za Kibiti na Ikwiriri tumeulizwa zaidi ya mara moja swali ambalo kwa nje linafanana na la siasa, lakini kiini chake ni cha dini. Wazee wanasema hivi: Katiba ya nchi yetu bado inaitaja Tanzania kuwa ni nchi ya kijamaa. Lakini maduka ni ya watu binafsi, viwanda vya umma vimeuzwa, na hakuna tena anayetuamrisha kulima shamba la kijiji. Je, ahadi iliyoandikwa na isiyotekelezwa ina hukumu gani? Na ikiwa muda wake umekwisha, mwenye haki ya kuiondoa ni nani: watawala, wabunge, au sisi wenyewe kwa kura zetu?

Tumeona ni vyema tulijibu swali hili hapa, ili familia zilisome pamoja. Hatuandiki kwa ajili ya chama chochote. Tunaandika kwa sababu mkataba ni amana, na amana ina maswali yake mbele ya Allah.

Neno moja na historia yake

Katiba ya Jamhuri ya Muungano ilipitishwa tarehe 25 Aprili 1977, miezi michache baada ya kuzaliwa kwa Chama cha Mapinduzi tarehe 5 Februari mwaka huo huo. Wananchi hawakuipigia kura. Ilipitishwa na Bunge lililogeuzwa kuwa Bunge Maalumu kwa kazi hiyo. Katiba hiyo ilikuwa ya nchi yenye chama kimoja kilichoshika hatamu zote, na siasa yake ilikuwa ni Ujamaa na Kujitegemea, kama ilivyotangazwa katika Azimio la Arusha mwaka 1967.

Kwa mtu wa mbali, neno ujamaa laweza kuwa ni neno la vitabuni tu. Kwa mtu wa Rufiji sivyo. Baada ya mafuriko makubwa ya mwaka 1968, serikali iliendesha Operesheni Rufiji. Watu walioishi vizazi na vizazi katika bonde la mto, wakilima mpunga wakati wa maji na mazao mengine maji yanapopungua, walihamishiwa kwenye miinuko na kupangwa katika vijiji vya ujamaa. Waliacha miembe yao, makaburi ya wazee wao na udongo uliorutubishwa na mto kila mwaka. Wengi waliendelea kurudi bondeni msimu wa kilimo, wakilala katika madungu ili kulinda mpunga dhidi ya ndege na wanyama. Nia ya waliowahamisha ilikuwa ni kuwaokoa na maji na kuwafikishia shule na zahanati. Lakini uamuzi ulitoka juu, na aliyehama hakuulizwa.

Aidha, Rufiji ilimtoa bungeni Bibi Titi Mohamed, mama wa Kiislamu aliyehamasisha maelfu ya wanawake kujiunga na TANU wakati wa kudai uhuru. Mwaka 1967 aliacha nyadhifa zake akipinga sharti la Azimio la Arusha lililowakataza viongozi kupangisha nyumba. Mwaka 1991, chama hicho hicho kilichozaliwa na TANU kilikutana Zanzibar na kulilegeza sharti hilo. Hatusemi nani alikuwa na haki baina ya Bibi Titi na Azimio. Tunachosema ni kwamba sharti lililomtoa mtu katika uongozi liliondolewa baada ya miaka 24 kwa uamuzi wa kikao cha chama, na mwananchi wa kawaida alilisikia redioni.

Leo ibara ya 3 ya Katiba bado inaitaja Jamhuri ya Muungano kuwa ni nchi ya kidemokrasia na ya kijamaa, na ibara ya 9 bado inaielekeza serikali kufuata Ujamaa na Kujitegemea. Mwaka 2000 Bunge liliongeza tafsiri inayosema kwamba neno ujamaa lina maana ya misingi ya demokrasia, kujitegemea, uhuru, haki, usawa, undugu na umoja. Yaani jina liliachwa palepale, na maana yake ikabadilishwa. Aliyehamishwa kutoka bondeni kwa jina la ujamaa akiisoma tafsiri hiyo, atajiuliza kama ni ujamaa ule ule.

Wakazi wa delta wanalifahamu jambo la namna hii kuliko wengine. Mto Rufiji una kawaida ya kuhama. Miaka ya mwisho ya 1970 sehemu kubwa ya maji yake iliuacha mkondo wa kusini mwa delta ikaelekea kaskazini. Kusini maji ya chumvi yakaingia, na wakulima wa mpunga wakalazimika kuyafuata maji baridi yalikokwenda. Hakuna mwenye akili aliyeendelea kupanda mpunga penye chumvi kwa sababu tu babu yake alipanda hapo. Na hakuna aliyeuita mkondo uliokauka kuwa ni mto, kisha akatoa tafsiri mpya ya neno mto.

Mkataba uliotundikwa ndani ya Al-Kaaba

Sasa turejee katika sira, kwani humo mna mwongozo mkubwa juu ya jambo hili.

Makuraishi walipoona kwamba Uislamu unaenea, waliandika mkataba wa kuwatenga Bani Hashim na Bani Muttalib: wasiwauzie wala wasinunue kwao, wasiwaoze wala wasioe kwao, mpaka wamtoe Muhammad (s.a.w.) auawe. Mkataba huo ukatundikwa ndani ya Al-Kaaba ili upate heshima. Kwa takribani miaka mitatu Mtume (s.a.w.) na jamaa zake walizuiliwa katika bonde la Abu Talib. Walikula majani, na vilio vya watoto wao wenye njaa vilisikika nje ya bonde.

Wapokezi wa sira wanaeleza kwamba Allah aliwatuma mchwa wakaula mkataba ule, wasibakishe ila jina Lake. Kisa hiki tunakipenda, na mara nyingi tunaishia hapo. Lakini tukisome mpaka mwisho. Mchwa walipokwisha kuyala maneno, watu bado walikuwa bondeni na njaa yao. Mkataba haukuvunjika kwa sababu karatasi imeliwa. Ulivunjika pale wanaume watano wa Kikuraishi, nao ni Hisham bin Amr, Zuhayr bin Abi Umayya, Mut'im bin Adi, Abul Bakhtari na Zam'a bin Al-Aswad, walipokubaliana usiku, kisha asubuhi wakasimama mbele ya watu penye Al-Kaaba na kutangaza kwamba hawaukubali tena. Abu Jahl alipinga, lakini sauti yake ilizidiwa. Mut'im akaenda kuuchana, akaukuta umekwisha kuliwa.

Tuzingatie, ndugu zetu: watano hao hawakuwa Waislamu siku hiyo. Waliukataa mkataba kwa sababu ya ubinadamu, undugu na aibu. Na waliukataa hadharani, pale pale ulipotundikwa. Hapa tunajifunza kwamba muda unaweza kuyala maneno ya mkataba kama mchwa walivyokula, lakini muda haumfungulii mtu aliyefungwa. Wanaofungua ni watu, kwa kauli ya wazi.

Mfano wa pili ni wa Hudaibiya, mwaka wa 6 Hijria. Katika mkataba ule lilikuwemo sharti zito: yeyote atakayetoka kwa Makuraishi kwenda kwa Mtume (s.a.w.) bila idhini ya walii wake, arejeshwe. Abu Jandal alikuja akiburuta minyororo yake, na Mtume (s.a.w.) akamrejesha kwa sababu ya ahadi. Masahaba waliumia sana. Baadaye Abu Basir alikimbia, akaweka makazi pwani kwenye njia ya misafara ya Makuraishi, na wenzake waliokimbia Makka wakamfuata huko. Misafara ikawa haipiti salama. Ndipo Makuraishi wenyewe, waliolidai sharti lile, wakamtumia ujumbe Mtume (s.a.w.), wakimwomba kwa jina la Allah na udugu wa damu awachukue watu hao, na kwamba atakayemjia asirejeshwe tena.

Mtume (s.a.w.) hakulipuuza sharti lile kimya kimya, ingawa lilikuwa chungu. Alilitekeleza mpaka wenzake katika mkataba walipoomba liondoke, na likaondoka kwa ridhaa ya pande mbili. Huu ndio mwenendo wa mkweli: hulitimiza neno, au huliondoa kwa makubaliano. Hakuna njia ya tatu ya kuliacha neno likaning'inia huku kila mmoja akijua kwamba halifuatwi.

Sheria ya Allah na maneno ya watu

Hapa lazima tuondoe utata. Baadhi ya vijana husema: Sheria haibadilishwi kwa kura, basi kwa nini Muislamu ajadili kura ya maoni? Tunajibu kwamba Qur'ani na Sunna haziwekwi mezani kupigiwa kura, na halali na haramu haziamuliwi na wingi wa mikono. Lakini Katiba ya nchi ni masharti ambayo watu wamewekeana ili waishi pamoja, wenye dini mbalimbali na makabila mbalimbali. Masharti ya namna hii yamo katika mlango wa mikataba.

Katika mlango huo Allah (s.w.) ameamrisha waumini kutimiza mikataba (5:1), na akaeleza kwamba ahadi itaulizwa (17:34). Mtume (s.a.w.) amefundisha kwamba Waislamu hushikamana na masharti yao, isipokuwa sharti linaloharamisha halali au kuhalalisha haramu, Hadithi hii ameipokea Tirmidhi. Na wanazuoni walioandika Majalla, kitabu cha sheria cha dola ya Uthmaniya katika karne ya 19, waliweka kanuni mashuhuri katika kifungu cha 39 kwamba hukumu zilizojengwa juu ya mazingira hazikataliwi kubadilika zama zinapobadilika. Wala hawakukusudia hukumu zilizothibiti kwa nassi.

Kwa hiyo, sharti lililojengwa juu ya mazingira yaliyokwisha laweza kuondolewa bila dhambi. Ama njia ya kuliondoa, Allah amewasifu waumini kwamba mambo yao huendeshwa kwa kushauriana (42:38). Jambo linalowafunga wote, wote wana haki ndani yake.

Zanzibar 2010: wenye mkataba walipoulizwa

Mfano wa kushauriana kwa kura tunao hapa hapa nyumbani, ng'ambo ya mlango wa bahari.

Katiba ya Zanzibar ya mwaka 1984, hata baada ya kuingia vyama vingi, ilibaki na utaratibu ambao mshindi wa uchaguzi huunda serikali peke yake, na msaidizi wa Rais huwa ni Waziri Kiongozi. Katika nchi ambayo kura hugawanyika karibu nusu kwa nusu, nusu ya watu walijiona wageni kwao. Chaguzi za 1995, 2000 na 2005 zilileta uhasama uliofika misikitini na mazikoni. Januari 2001 damu ilimwagika Pemba, na watu wakavuka bahari kukimbilia Shimoni, Kenya.

Tarehe 5 Novemba 2009 Rais Amani Abeid Karume na Maalim Seif Sharif Hamad walikutana Ikulu na kuanza maridhiano. Wangeweza kuishia kwenye makubaliano ya viongozi wawili, kama yalivyofanyika ya awali yakavunjika. Safari hii Baraza la Wawakilishi lilitunga sheria ya kura ya maoni, na tarehe 31 Julai 2010 Wazanzibari waliulizwa kama wanaukubali muundo wa serikali ya umoja wa kitaifa. Asilimia 66.4 walisema ndiyo. Mwezi uliofuata Katiba ilirekebishwa: cheo cha Waziri Kiongozi kikafutwa, wakawekwa Makamu wawili wa Rais, na vyama vikuu vikatakiwa kuingia serikalini kwa pamoja. Zaidi ya hayo, kikaingizwa kifungu cha 80A kinachotaka baadhi ya sehemu za Katiba zisibadilishwe tena bila ya kura ya wananchi. Uchaguzi wa mwaka huo ulipita kwa amani ambayo wengi hawakuitarajia.

Hatusemi kwamba kura ilimaliza kila tatizo. Uchaguzi wa Oktoba 2015 ulifutwa, ukarudiwa Machi 2016 bila ya chama cha CUF, na serikali ya umoja ikasimama. Ilirejea Desemba 2020, Maalim Seif alipokubali tena umakamu kupitia ACT-Wazalendo, miezi michache kabla ya kufariki Februari 2021. Lakini tazameni jambo moja: hata ilipokuwa imesimama, ibara zile hazikuondoka, kwa sababu waliozileta walikuwa ni wananchi. Kilichowekwa na wenye mkataba kilisubiri mpaka watu wakakirudia.

Upande wa Muungano njia ni nyingine. Ibara ya 98 inawapa wabunge uwezo wa kubadilisha Katiba kwa theluthi mbili, na kwa mambo maalumu theluthi mbili za wabunge wa Bara na theluthi mbili za wabunge wa Zanzibar. Kwa njia hiyo Katiba ilibadilishwa mara 14 kati ya 1977 na 2005. Mabadiliko mengine yalikuwa na kheri nyingi. Mwaka 1992 ibara ya 10, iliyohusu madaraka ya chama kimoja, ilifutwa, na mpaka leo namba yake imebaki kitabuni na alama ya kufutwa, kama kaburi lenye jiwe. Lakini mwananchi wa Salale au Mbuchi hakuwahi hata mara moja kupewa karatasi aseme: hili libaki, hili liondoke.

Ilikaribia kutokea. Tume iliyoongozwa na Jaji Joseph Warioba ilizunguka nchi nzima kukusanya maoni. Bunge Maalumu likapitisha Katiba Inayopendekezwa tarehe 2 Oktoba 2014, huku baadhi ya wajumbe wakiwa wamesusia, na kura ya maoni ikapangwa kufanyika tarehe 30 Aprili 2015. Mwanzoni mwa mwezi huo Tume ya Uchaguzi ikatangaza kuahirisha, kwa kuwa uandikishaji wa wapiga kura haukuwa umekamilika. Siku ile ilipita, na maneno ya 1977 yakabaki mahali pake.

Tahadhari tatu kabla ya kufuta

Pamoja na hayo, tusidhani kwamba kila kinachoitwa kimepitwa na wakati kimepitwa kweli.

Kwanza, kilichokufa kwa mmoja huwa ni uhai kwa mwingine. Jirani zetu wa Kenya wameliona hilo. Katiba yao ya uhuru ilizilinda Mahakama za Kadhi, kutokana na makubaliano ya mwaka 1963 kuhusu ukanda wa pwani uliokuwa chini ya Sultani wa Zanzibar. Ilipoandikwa Katiba mpya, wapo waliosema kwamba Sultani hayupo tena, basi na mahakama hizo ziondoke. Waislamu wakajibu kwamba Sultani ameondoka, lakini mjane anayedai mirathi na mke anayedai talaka bado wapo. Katika kura ya tarehe 4 Agosti 2010 Wakenya takribani asilimia 67 waliikubali Katiba mpya, na Mahakama za Kadhi zimo katika ibara ya 170. Huku Tanzania Bara mahakama za aina hiyo ziliondolewa kwa sheria ya mwaka 1963, na mjadala wake haujatulia mpaka leo. Jambo lililoondolewa bila wenyewe kuulizwa huendelea kuulizwa na watoto wao.

Pili, wingi si uadilifu peke yake. Katika jimbo la Alabama, Marekani, Katiba ya mwaka 1901 ilikataza ndoa baina ya weupe na weusi. Mahakama Kuu ya nchi ile ilizibatilisha sheria za namna hiyo mwaka 1967, lakini maneno yalibaki kitabuni miaka 33 zaidi, mpaka wananchi walipopiga kura mwaka 2000. Yaliondolewa, lakini takribani watu wanne katika kila kumi walitaka yabaki. Hii yaonyesha kwamba maneno tunayoyadhani yamekufa huenda yana watu wanaoyasubiri yafufuke. Nasi tunao mfano wetu: mwaka 1991 Tume ya Jaji Francis Nyalali ilikuta kwamba takribani asilimia 80 ya waliotoa maoni walitaka chama kimoja kiendelee, lakini ikapendekeza vyama vingi kwa kuzingatia haki ya wachache. Ushauri ni kusikiliza hoja pamoja na kuhesabu vichwa.

Tatu, msome mnachoulizwa. Huko huko Alabama, mwaka 2012, wapiga kura waliletewa pendekezo la kuondoa maneno ya kuwatenga watoto weusi mashuleni. Viongozi wengi wa watu weusi walilipinga. Walikuwa wameona kwamba pendekezo lingeacha mahali pake maneno mengine yanayokana haki ya mtoto kupata elimu ya umma. Likashindwa, na maneno ya ubaguzi yakaja kuondolewa katika kura ya mwaka 2022 kwa utaratibu mwingine. Wao walisoma mpaka mstari wa mwisho, wala hawakudanganyika na utamu wa kichwa cha habari.

Wajibu wa familia

Sasa turudi Kibiti na delta. Ikitokea siku wananchi wakaulizwa, je, tutakuwa tayari?

Kwanza, kitabu cha Katiba kiingie nyumbani. Kimeandikwa kwa Kiswahili, lugha ambayo kila mtoto wa madrasa anaisoma. Baba na mama wakae na watoto baada ya Isha, wasome ibara mbili au tatu, waulizane: Hili linatulinda? Hili limekwisha kazi yake? Hili tungeliandikaje? Walimu wa madrasa nao wanaweza kulitengea jambo hili saa moja kwa mwezi bila ya kuleta chama msikitini.

Pili, wanawake wasiachwe nyuma. Qur'ani imetaja kiapo cha utii cha wanawake kwa Mtume (s.a.w.) peke yake (60:12), na siku ya Hudaibiya, Masahaba walipokuwa wamezidiwa na huzuni, rai iliyowanyanyua ilitoka kwa mama yetu Ummu Salama (r.a.). Mume anayempangia mkewe kura amemnyang'anya amana yake. Wapo wanazuoni wa zama hizi walioifananisha kura na ushahidi, na ushahidi haubebwi na mtu kwa niaba ya mwingine.

Tatu, tudai kufikiwa. Anayeishi visiwani, ambaye hufika Nyamisati kwa kufuata maji kupwa na kujaa, ana haki ya kupata karatasi na maelezo sawa na wa Dar es Salaam. Kura ya maoni inayomfikia wa barabarani na kumwacha wa mikokoni itakuwa imerudia makosa ya mwaka 1968 kwa sura nyingine. Kudai haki hii kwa adabu, kupitia mikutano ya kijiji, madiwani na wabunge, ni katika kuamrishana mema.

Nne, tushikamane na njia ya maneno. Miaka ya 2016 na 2017 Kibiti na Rufiji zilipita katika msiba mkubwa. Askari, viongozi wa vijiji na raia waliuawa, na familia nyingi zikahama makazi yao. Yeyote aliyezika ndugu katika siku hizo anajua kwamba mkataba mbovu hurekebishwa, lakini kukosekana kwa mkataba ni maangamizi. Anayetaka ibara iondoke na aseme, aandike, ashauriane na apige kura. Damu ya mtu haifuti mstari hata mmoja.

Kuhusu swali la wazee wetu, jibu letu kwa muhtasari ni hili. Ahadi iliyoandikwa ina uzito hata kama watu wameisahau. Ama itimizwe, ama iondolewe kwa ridhaa ya wanaofungwa nayo. Kubadilisha maana yake na kuacha jina lake kunawazoesha watoto wetu kwamba maandishi ya taifa si lazima yaaminiwe, na mtoto aliyezoea hivyo kwa Katiba atazoea hivyo kwa hati ya ndoa, hati ya deni na wasia. Na wenye haki ya kwanza ya kuulizwa ni wale walioyabeba masharti hayo mabegani, wakiwemo waliopanda kutoka bondeni na vitanda vyao kichwani.

Boriti za mikoko yetu zimesifika tangu zamani kwa kustahimili mchwa, na kwa ajili hiyo zilipakiwa majahazini mpaka Arabuni. Hata hivyo fundi mzuri huikagua paa yake kila baada ya muda; boriti iliyooza huitoa, nzima huiacha, na wenye nyumba wote hujua ni ipi iliyotolewa na kwa nini. Tuitendee nyumba yetu hii kubwa vivyo hivyo.

Tunamwomba Allah (s.w.) atujaalie kuwa miongoni mwa wanaotimiza ahadi zao, awape viongozi wetu moyo wa kushauriana na watu wao, awarehemu waliotangulia katika bonde na delta ya Rufiji, na aidumishe amani katika nchi yetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.